Kutoka Kikoa hadi Kikoba

Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alichapisha mwaka 1870 kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili kama kilivyosemwa kisiwani. Katika orodha ya maneno iliyomo humo limo neno moja fupi ambalo vijana wengi wa mjini leo hawalijui: kikoa. Maana aliyoipa ni chakula kinacholiwa kwa pamoja na kundi la watu, kila mmoja wao akikitoa kwa zamu yake. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, kesho kutwa kwa wa tatu, mpaka duara litimie na zamu irudi ilikoanzia.

Neno hilo linafaa litazamwe kwa makini, maana limebeba sheria nzima ndani ya silabi tatu. Kikoa si karamu. Karamu ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye asifiwaye watu wanapoondoka. Wala si sadaka, kwa kuwa apewaye sadaka hadaiwi. Katika kikoa hakuna mwalikwa wala mfadhili. Kila mtu ni mwenyeji siku moja na mgeni siku zote zilizobaki. Mwenye samaki atapika samaki, na mwenye muhogo atapika muhogo. Kinachopimwa ni kuwa zamu ilipofika hakuna aliyejificha.

Ajabu ni kwamba neno lililofifia Unguja limenawiri mbali kidogo, upande wa kusini. Katika lugha za Komoro, ndugu wa Kiswahili, ki- ya Kiswahili husikika mara nyingi kuwa shi-. Huko, na hasa Mayotte, kuna shikoa. Nalo si chakula tena, bali ni fedha: watu kadhaa, wengi wao wanawake, hutoa kila mwezi kiasi kilekile, na jumla yake akachukua mmoja wao kwa zamu. Mtu wa Unguja anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza humpasa kutafakari. Sahani imeondoka, imekuja noti. Lakini zamu haikuguswa. Wakomoro wameihifadhi mali ambayo jirani zao waliiacha njiani, kisha wakaipa kazi mpya.

Jirani wa kikoa katika kamusi za kale ni bia. Kula bia kulikuwa ni kula kwa kuchangiana, kila mtu akileta chake siku hiyo hiyo, bila ya kungoja zamu. Tofauti ya maneno mawili haya ni ndogo, lakini wazee hawakuyachanganya: bia ni mchango wa mara moja, ilhali kikoa ni ahadi ya siku nyingi. Bia ilipatwa na msiba usiokuwa na uhusiano wowote na maana yake. Ikaingia pombe ya chupa kutoka Ulaya, na jina lake, kwa bahati mbaya, likatamkwa vilevile. Leo anayesema mbele ya watu kwamba jana walikula bia atatazamwa kwa jicho la mashaka, na pengine atapata nasaha. Kilichosalimika ni mtoto wake, ubia, ambaye amepanda cheo mno. Ubia sasa ni neno la mikataba, la wawekezaji na serikali, la bandari na barabara. Wengi wanaolitamka katika mikutano ya watu wenye tai hawana habari kwamba linatoka kwenye chungu.

Yapo mengine mengi, na kabla ya kuyafuata yafaa kutazama pahala ambapo yote hayo yameota. Kiswahili kina kiungo kidogo kinachoingia mwishoni mwa kitenzi na kugeuza tendo la mmoja kuwa tendo la kurudishiana: saidia, saidiana, faa, faana, kopesha, kopeshana, changia, changiana. Mtu anayeisoma sarufi kwa haraka ataona ni jambo la kawaida, A kumtendea B na B kumtendea A. Lakini litazamwe neno moja ambalo pwani nzima inalijua, lile la watu wa kufa na kuzikana. Hapo hesabu ya A na B inavunjika. Watu wawili hawawezi kuzikana. Atanguliaye kufa atazikwa na mwenziwe, na mwenziwe atakapokufa yule wa kwanza hatarudi kulipa. Deni hilo haliwezi kulipwa na aliyekopeshwa. Lazima lilipwe na mtu wa tatu, na la huyo wa tatu lilipwe na wa nne. Kwa hiyo neno kuzikana, kwa umbo lake tu, linadai kundi. Tena linadai kundi lisilokufa wakati mmoja, ambamo wazee hutangulia na vijana hubaki, na kila mmoja huchimba kaburi akijua kwamba atakayemchimbia lake huenda bado hajazaliwa.

Jambo hili halikuwa fumbo la wanasarufi. Lilikuwa swali la watu walio hai, na mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa swali kali kabisa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyouondolea utumwa nguvu ya sheria Unguja na Pemba. Katika pwani ya Kenya jambo hilo lilichelewa hadi mwaka 1907. Amri zilimpa mtumwa uhuru, hazikumpa ukoo. Mwanamke aliyetolewa bara akiwa mtoto, akalelewa nyumbani kwa watu, akawa huru akiwa mtu mzima, alikuwa na nani wa kumwosha siku yake? Nani angeleta sanda? Muungwana alikuwa na mbari na mtaa na makaburi yenye majina, na yeye alikuwa na jirani tu.

Hapo ndipo linapoingia neno chama. Steere analo pia, kwa maana ya kundi la watu waliojiunga kwa jambo fulani, na wana wa chama amewataja humo humo. Katika miaka hiyo vyama vikubwa vilivyojulikana mitaani vilikuwa vya ngoma. Lelemama, iliyochezwa na wanawake kuanzia Unguja hadi Lamu, haikuwa mchezo wa jioni moja. Ilikuwa na wakuu wenye vyeo, ilikuwa na michango, na ilikuwa na mahasimu. Mombasa kulikuwa na vyama kama Banu Saada na Ibinaal Watan, vilivyoshindana kwa mavazi na kwa mashairi ya mafumbo hadi watu wakauza dhahabu zao wasije wakaaibika. Wanahistoria walioongea na wanawake hao uzeeni mwao, kama Margaret Strobel katika miaka ya 1970, walionesha kwamba humo walikutana wanawake wa nasaba za kiungwana na wa nasaba za watumwa. Hawakuwa sawa, na ingekuwa uongo kusema walikuwa. Lakini chama kilikuwa mojawapo ya pahala pachache ambapo walijifunga kwa kanuni zile zile: mwenzako akiwa na harusi utakwenda, akiugua utamtazama, akifa utamzika.

Wapenzi wa ushairi wamezoea kuzikumbuka ngoma hizi kwa tungo zake, kwa kijembe kilichorushwa usiku na kujibiwa wiki ya pili yake. Ni haki kuzikumbuka hivyo. Ila shairi lilikuwa uso wa kitu, na nyuma ya uso kulikuwa na mfuko. Manju aliyemdhalilisha hasimu mbele ya umma aliweza kusimama kifua mbele kwa sababu nyuma yake walikuwapo watu ambao wangempikia akiwa kitandani. Hali kadhalika kwa wanaume. Beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ilikuwa na wafalme wake, majenerali wake na madaktari wake, wote wa bandia. Kilichokuwa si cha bandia ni msaada. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, askari na wapagazi waliieneza beni mpaka bara, katika makundi yake mawili makubwa ya Marini na Arinoti. Mwanachama aliyefika mji wa ugenini aliwatafuta watu wa upande wake, akapata pa kulala, na akijaliwa kufia huko alipata wa kumzika. Wakoloni waliitazama kwa wasiwasi, wakidhani vyeo vile ni maandalizi ya uasi. Hawakuwa wajinga moja kwa moja. Watu wanaojua kukusanya senti, kushika zamu na kutii kiongozi waliyemchagua wenyewe wana kitu mkononi, hata kama bado hawajakipa jina.

Jina lilikuja mwaka 1954, na ndilo lile lile. TANU ilipoasisiwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai mwaka huo, iliitwa kwa Kiswahili chama, na neno hilo halikuwa geni masikioni mwa watu. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma, na alijua pa kwenda. Hakuanza kwa wenye kusoma. Aliwaendea viongozi wa vyama vya ngoma, nao wakaleta watu wao, pamoja na taratibu zao za kuchanga na kualikana. Mtafiti Susan Geiger, aliyekusanya maisha ya wanawake hao katika kitabu kilichotoka mwaka 1997, aliweka wazi kwamba chama kipya kilipanda juu ya mabega ya vyama vya zamani. Unguja nako Afro-Shirazi, iliyoundwa mwaka 1957, ilitokana na jumuiya mbili zilizokuwapo kabla yake, ya Waafrika na ya Washirazi.

Tangu hapo neno limekuwa likipanda ngazi. Mwaka 1977 TANU na Afro-Shirazi zikaunganishwa kuwa Chama cha Mapinduzi, na kwa miaka kumi na mitano mtu akisema Chama, bila ya kuongeza neno, alieleweka. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 neno lilipata wingi wake tena, lakini maana yake ya zamani haikurudi pamoja na wingi huo. Nchini Kenya mambo yalikwenda vingine: chama kilibaki pia na maana ya kikundi cha wanawake wanaochangiana fedha kwa zamu, na wanaume nao wameingia. Kwa hiyo mtu wa Mombasa akisema anakwenda kwenye chama, msikilizaji wa Tanga atamwuliza ni chama gani, na wataelewana baada ya muda. Mpaka umepita katikati ya neno.

Kilichotokea Pemba baada ya uchaguzi wa 1995 ni sehemu ya historia ya neno hili, ingawa kamusi hazitaiandika. Wafuasi wa vyama vilivyohasimiana walisusiana. Watu waliacha kununua duka la jirani, wakaacha kwenda kwenye harusi ya jirani, na katika vijiji vingine wakaacha kwenda kwenye maziko yake. Walikuwapo waliozikwa na watu wachache, ilhali mtaa umejaa. Chuki za siasa zipo kila nchi, na watu wa visiwa vingine wamefanyiana mabaya zaidi ya hayo. Lakini kwa lugha hii, na kwa pwani hii, jambo lenyewe lina uchungu wa aina yake. Neno lililowahi kumhakikishia mja asiye na ukoo kwamba atazikwa, ndilo lililotajwa kuwa sababu ya kutomzika mtu mwenye ukoo. Waliopatanisha mwaka 2009, na wapiga kura walioikubali serikali ya umoja wa kitaifa tarehe 31 Julai 2010, walitengeneza katiba. Vijijini watu walipima maridhiano kwa kipimo kingine: nani kaonekana makaburini.

Maneno mengine yalichukuliwa na serikali kwa nia njema zaidi, na pengine ndiyo maana yaliumia zaidi. Ujima, ile kazi ya kulimiana mashamba kwa zamu, ulitiwa katika vitabu vya shule kuwa jina la hatua ya mwanzo kabisa ya jamii, kabla ya utumwa na ukabaila, kana kwamba ni jambo lililokwisha. Na huku mashambani watu wakiendelea kulimiana. (Huko Marekani, tangu 1966, ujima, pamoja na umoja na ujamaa, ni miongoni mwa misingi saba ya sikukuu ya Kwanzaa, na huadhimishwa na watu ambao wengi wao hawakupata kushika jembe la ujima.) Ujamaa, neno la nyumbani kabisa, la watu wa damu moja na majirani walio kama damu, likawa siasa ya nchi kwa Azimio la Arusha la 1967. Ushirika, wenye asili ya Kiarabu ya kugawana fungu, ulikuwa na heshima kubwa Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa walikuwa na umoja wao tangu 1925 na chama kikuu cha ushirika tangu 1933. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na kuweka mamlaka za mazao mahali pake. Ikavirudisha kwa sheria ya 1982. Sheria iliweza kuyarudisha majengo na mihuri. Imani ya mkulima katika neno lenyewe ilichukua muda mrefu zaidi.

Wanawake, wakati huo wote, walikuwa wakicheza. Ndivyo wanavyosema Unguja: kucheza mchezo. Kumi au ishirini wanakubaliana kiasi, wanakitoa kila wiki au kila mwezi, na mmoja hukipokea chote. Hakuna riba, hakuna karatasi. Yuko kijumbe, na jina hilo peke yake linatosha kuwa somo. Mjumbe ni mtu mkubwa, hutumwa na taifa au na mahakama. Kijumbe ni udogo wake, mtu wa mtaani anayepita mlango hadi mlango akikusanya, anayejua nani ana mgonjwa na astahili kusogezwa mbele, na nani alichelewa mara iliyopita. Akikimbia na fedha za watu hana pa kukimbilia, kwa kuwa mtaa wote unamjua mama yake. Dhamana yake ni hiyo.

Jina jingine la mchezo huo ni upatu. Kamusi zinatoa maana mbili za neno hilo: sahani ya shaba ipigwayo katika ngoma, na mchango wa fedha kwa zamu. Zote mbili zilikuwa mikononi mwa wanawake wale wale, na si ajabu kwamba jina ni moja. Lakini upatu nao haukuachwa salama. Walipozuka watu wa kuahidi faida isiyo na mwisho, ambao huwalipa waliotangulia kwa fedha za wanaofuata, vyombo vya habari na mahakama za Tanzania zilihitaji neno, zikachukua hilo. Mwaka 2009, ulipoanguka mpango mmoja mkubwa uliowataka watu wapande mbegu ili wavune maradufu, viongozi wake walishitakiwa Dar es Salaam kwa kuendesha upatu. Bibi wa mtaani aliyecheza upatu miaka arubaini bila ya kumdhulumu mtu akasikia redioni kwamba upatu ni kosa la jinai. Na mambo mawili haya ni kinyume kabisa. Upatu wa kweli hauongezi hata senti. Atoae laki hupata laki. Kinachoongezeka ni kuwa na fedha zote siku moja, za bati, za ada au za jeneza. Ule wa matapeli hauna zamu, una foleni tu, na foleni hiyo haina mwisho wake isipokuwa watu wa nyuma kukosa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likafika neno la kigeni. Shirika la CARE lilikuwa limeanzisha Niger, mwaka 1991, vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, na mfumo huo ukaletwa Tanzania, Unguja ikiwa miongoni mwa pahala ulipoanzia, katika vijiji vya kandokando ya msitu wa Jozani. Bara ukapewa jina la herufi za maneno ya Kiingereza, VICOBA. Wataalamu walikusudia kifupisho. Wasemaji hawakusikia kifupisho. Walisikia vi-, na mwenye Kiswahili akisikia vi- hujua kwamba panapo wingi pana umoja. Mara moja kikatokea kikoba. Kikoba changu, kikoba chetu, leo ni siku ya kikoba. Hakuna baraza lililokaa kulipitisha. Na kikoba ni neno lililokuwapo tangu kale: ni mkoba mdogo, ule wa kutilia akiba na kubebea kwapani. Kifupisho cha ofisini kimevuliwa suti na kuvishwa kanga kwa herufi moja, tena kikakaa sauti moja tu mbali na kikoa cha Steere.

Utaratibu wa kikoba umezidi ule wa mchezo. Zipo hisa, upo mkopo, ipo riba ndogo ambayo wengine huikataa kwa sababu za dini na kuweka ada mahali pake. Mwaka 2018 ikatungwa sheria ya huduma ndogo za fedha, na vikundi vikatakiwa kujisajili. Lakini fedha zenyewe katika vikundi vingi bado hukaa ndani ya sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu wanaokaa nyumba tatu mbalimbali, hata sanduku lisiweze kufunguka pasi na wote kuhudhuria. Siku ya mkutano huketi mkekani kwa duara. Kabla ya hisa kununuliwa na kabla ya mikopo kutajwa, kila mmoja hutia kiasi kidogo, sawa kwa wote, katika mfuko wa pembeni uitwao mfuko wa jamii. Fedha hizo hazikopeshwi wala hazizai. Zinangoja mgonjwa na maiti.